Viroboto wa Sebuleni kwa Baba Wambui

Juzi mmoja wenu alinipigia simu kutoka Kitale karibu alie. Wenzake waliomaliza naye chuo cha mifugo wamepelekwa kwa ng'ombe wa maziwa, wanaitwa "daktari" kila boma wanaloingia, na yeye amepewa mbwa na paka. "Kukhu," yaani bibi, akaniambia, "ati nimekuwa daktari wa viroboto. Watu wananicheka hadi sokoni." Nikamwambia akate simu asimalize krediti yake bure, nitamjibu kwa maandishi ili na wengine wenye ugonjwa kama wake wasome. Haya basi, someni.

Mimi ni Nafula, mwenyeji wa Myanga, na nimestaafu kazi ya mifugo niliyoifanya kuanzia Misikhu hadi kule Kwanza, Trans-Nzoia. Cheti changu kilisema msaidizi, lakini huko mashinani ukishashika sindano wewe ni daktari tu. Wenzangu wanaume ndio walionibandika jina la Daktari wa Mbwa. Gari la ofisi likienda kwa ng'ombe walipanda wao, mimi naachiwa pikipiki iliyochoka na orodha ya mbwa wa kuchanjwa kichaa. Mwanzoni nilisikia uchungu, siwadanganyi. Kulikuwa na siku nilifika nyumbani nikatupa viatu vyangu vya gumbuti ukutani.

Lakini kidogo kidogo nikaona kitu ambacho wale wa gari hawakukiona. Ng'ombe analala zizini. Mbwa analala mlangoni, paka analala kitandani na mtoto. Ukimtibu ng'ombe umetibu ng'ombe. Ukimtibu mbwa sawasawa umetibu nyumba nzima, na watoto ndani yake. Tangu nielewe hilo, mtu akiniita Daktari wa Mbwa nilikuwa naitika kwa sauti, hata mbele ya mkubwa wangu.

Aliyenifundisha kazi hasa si chuo. Alikuwa Mzee Barasa, mhudumu wa josho la kuogeshea ng'ombe kule Misikhu, suruali imekunjwa hadi magotini, mdomo mkali kama dawa aliyokuwa akichanganya. Siku yangu ya kwanza aliniuliza, "Wewe mwenye cheti, kiroboto anakaa wapi?" Nikajibu haraka haraka, "Kwa mbwa." Alicheka mpaka akakohoa, akashika nguzo ya josho. "Kwa mbwa ni hoteli! Anakuja kula. Mutu akimaliza kula hotelini si anaenda kwake? Watoto wake wako wapi? Wako kwa nyumba, kwa vumbi, kwa nyufa, chini ya kitanda. Wewe utaosha hoteli, na mji mzima uko pale unangojea."

Akanionyesha pia kipimo chake, na mpaka leo sijaona kinachokishinda. Chukua kitana chenye meno ya karibu karibu. Chana mbwa pale mkia unapoanzia, viroboto wanapapenda sana pale. Kung'uta ulichotoa juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Ukiona vile vichembe vyeusi vinatoa rangi nyekundu, hiyo si taka ya shamba. Ni kinyesi cha kiroboto, na ule wekundu ni damu ya mbwa wako. Hata kama hujaona kiroboto hata mmoja akiruka, ujue wapo.

Nilishika kitana. Ile habari ya hoteli nikaiweka sikio moja ikatokea jingine, kwa sababu nilikuwa kijana na nilijiona najua. Mtoto mmoja wa Kwanza nusura alipie huo ujuaji wangu.

Anaitwa Wambui, wakati huo alikuwa na miaka mitatu. Baba yake alikuwa mkulima wa mahindi, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na familia yao ilitoka katikati ya nchi ikakaa Kwanza tangu enzi za babu. Mama Wambui alinipigia simu mahindi yalipokwisha kupukuchuliwa. Nikafika na pampu yangu mgongoni. Miguu ya mtoto ilikuwa na vipele vyekundu kuanzia vifundoni hadi magotini, vingine vimeshakuwa vidonda vyenye usaha kwa kujikuna na kucha chafu. Macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Alikuwa amemkumbatia mbwa wao, dume kubwa la rangi ya udongo waliloliita Sajini, na paka wa kijivu, Nyau, alikuwa akipita kati ya miguu yao.

Nilifanya nini? Nikamnyunyizia Sajini dawa ya kupe, nikanywa chai, nikaaga. Basi. Ndani ya nyumba sikuingia.

Msinicheke upesi, kuna sababu. Ninyi mliokulia Trans-Nzoia mnajua mtu akishavuna anavyofanya. Ghala la nje haliamini. Mahindi anayaingiza sebuleni, gunia juu ya gunia mpaka dari, viti vinasukumwa pembeni, na hapo yanakaa yakingojea bei ipande. Na hakuna mtu anauliza yako mangapi. Kuuliza hivyo ni utovu wa adabu kama kumuuliza mama mkwe umri wake. Baba Wambui alikuwa ameweka kiti chake palepale mlangoni, na mimi nilielewa: mgeni chai yake atanyweshwa nje.

Siku tatu viroboto walipungua. Baada ya wiki walirudi wengi kuliko mwanzo. Mama Wambui aliona haya kunisumbua tena, na Nyau naye alikuwa akijikuna, basi akaamua kujisaidia. Alichukua ile dawa ya unga tunayochanganya na mahindi kuzuia fukusi, akampaka paka mwili mzima. Hebu fikiria kama yeye: dawa inachanganywa na chakula tunachokula sisi watu, itamdhuru paka vipi? Hata mimi nimeona watu wazima wenye shule zao wakifanya hivyo. Lakini nyingi ya hizo dawa za unga zina kitu ambacho mbwa anaweza kukivumilia, na paka mwili wake hauwezi kabisa. Isitoshe paka hujilamba. Nyau alianza kutetemeka masikio, kisha miguu, kisha akashikwa na kifafa. Nilipofika kwa pikipiki mbio, alikuwa ameshakufa kwenye mapaja ya Wambui.

Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nainamisha kichwa. Nilimtibu mbwa, kuhusu paka sikusema neno. Neno moja tu, "Mama, paka usimguse na dawa yoyote bila kuniuliza," lingetosha.

Baba Wambui hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Sajini alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya zizi, na mzee akaniambia kwa utulivu, "Daktari, tumechoka. Huyu ndiye mwenye viroboto. Jumamosi kuna jamaa anakuja na dawa yake, tunamaliza hii maneno."

Wambui alisikia. Mtu asiwaambie mtoto wa miaka mitatu haelewi. Alienda akakaa chini kando ya mbwa, akashika ile kamba kwa mikono miwili, akawa anajikuna mguu mmoja kwa mwingine bila kuiachilia.

Mama yake akanivuta nyuma ya jikoni. "Daktari, kuna kitu kingine. Nikimwosha huyu mtoto naona vitu kama mchele. Na vinatembea." Akaniomba nimkatie Wambui nusu ya kidonge cha minyoo cha Sajini, kwani si ni minyoo tu? Nikamwambia, Mama, hapana, dawa ya mbwa ni ya mbwa. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye gumbuti. Ile ni tegu. Kiroboto huibeba tumboni mwake. Mbwa akimmeza kwa kujilamba anapata tegu, na mtoto anayecheza chini, mkono sakafuni mkono mdomoni, akimmeza kiroboto naye anaipata. Vidonda, kukosa usingizi, sasa tegu. Na viroboto wa panya wanaweza kuleta homa mbaya zaidi ya hayo yote, na paka aliyekuwa anazuia panya tulikuwa tumemuua. Nilijua wazi kwamba hata Sajini akifa Jumamosi, Wambui angeendelea kuumwa. Angeumwa, na angekuwa hana mbwa.

Hapo ndipo sauti ya Mzee Barasa ilinirudia, na mimi nikapandwa na hasira, hasa juu yangu mwenyewe.

"Baba Wambui," nikasema, "una soksi nyeupe?"

"Soksi?"

"Nyeupe pe. Zile za kanisani."

"Haiya! Daktari, mambo ya kanisa yanaingiaje hapa?"

Nikamwambia azilete, azivae, azivute hadi juu, aingie sebuleni asimame kando ya magunia yake bila kusogea, muda wa kuimba beti mbili. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili. Lakini mkewe alishamletea. Akasimama pale, mzee wa watu, suruali imekunjwa, mikono nyuma kama anangojea kupigwa picha. Beti ya kwanza haikuisha. Zile soksi zilianza kuota madoa meusi, na madoa yakawa yanapanda. Alipiga ukelele wa "Ngai!" akimwita Mungu kwa lugha ya kwao, akaruka hadi uani akijipiga miguu, na Mama Wambui, pamoja na huzuni yote aliyokuwa nayo, alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

Mzee alipopata pumzi akasema, "Lakini Sajini huwa haingii huku! Mimi simruhusu!"

"Hasa," nikamwambia. "Nyau ndiye alikuwa analala juu ya magunia akiwinda panya. Mayai ya kiroboto hayashiki manyoya, yanadondoka. Yamedondoka kati ya magunia, kwa vumbi na makapi, mahali fagio halijafika tangu muvune. Na huyu mtoto anacheza wapi?"

Akageuka akatazama ndani. Godoro la Wambui lilikuwa upande wa pili wa lile rundo, limegusana nalo.

"Toa mahindi yote nje."

"Yote? Mchana hivi? Watu waone?"

"Yote."

"Daktari, wewe hujui watu wa hapa. Kesho nitakuwa na jamaa ambao sijawahi kuwaona tangu nizaliwe. Na wezi je? Nyunyiza dawa kwa juu juu, itashuka."

Hapo nilisahau adabu. Nilimwambia, "Baba Wambui, wewe unaficha mahindi na wadudu wanakunywa damu ya mtoto wako huko nyuma yake. Mwuaji wa viroboto unayemtafuta si yule wa Jumamosi. Ni wewe na hii mikono yako. Amua sasa, kwa sababu mimi nikitoka hapa bila haya magunia kutoka, sitarudi kukudanganya mara ya tatu."

Nilimwambia hivyo mtu wa umri wake. Alitoka nje. Nilimwona amesimama akimtazama binti yake ameshika ile kamba. Kisha akavua koti, akalitundika, akaenda mwenyewe kwa jirani zake kuomba mikono.

Mngeona kazi ya siku ile! Turubai zilitandazwa uani, gunia likatoka baada ya gunia, na jirani mmoja hakuweza kujizuia: "Kumbe! Na kanisani ulituambia mvua ilikunyima!" Mzee akajibu, "Beba, wacha maneno." Tulifagia hadi kwenye nyufa za saruji, na zile taka tukazichoma, hatukuzitupa shambani zikatembee zirudi. Tukamwaga maji ya moto kwenye nyufa. Blanketi zote zikachemshwa, godoro likapigwa na fimbo likakaa juani. Watoto na chakula vikiwa mbali ndipo nikanyunyiza dawa ya nyumba, na hakuna aliyeingia hadi sakafu ikakauka. Nyufa zikazibwa. Magunia yaliporudi yalikaa juu ya mbao, mbali na ukuta, pakaachwa njia ya fagio kupita pande zote. Sajini nikamchana, nikamwogesha, nikampa dawa ya viroboto na ya minyoo kwa uzito wake. Wambui akapelekwa zahanati ya binadamu kwa vidonda vyake na kwa tegu, na huko alipewa dawa ya watoto.

Kisha nikamwambia Baba Wambui jambo ambalo ninyi vijana mnasahau kulisema, na mteja anaishia kuwaita matapeli. "Siku ya kumi hivi, watarudi. Usishtuke. Kuna wale walio bado kwenye vifuko vyao, wamejivingirisha vumbi, dawa haiwaingii. Wakisikia hatua za mtu na joto lake ndio wanatoka. Fagieni kila siku, nami nitakuja tena wiki ya pili. Nipe mwezi mmoja. Mwezi ukiisha na mtoto bado anajikuna, mbwa ni wako, fanya utakalo."

"Mwezi," akasema. "Si siku moja zaidi." Kamba hakuifungua.

Siku ya kumi na moja simu ikalia. "Daktari! Wamerudi!"

"Wangapi?"

"Wachache. Lakini wamerudi!"

"Vizuri, endelea kufagia," nikamjibu kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi hata kidogo, kisha nikakaa chini nikahesabu siku zilizobaki. Wiki ya pili nikanyunyiza tena, nikamtibu Sajini tena kama dawa yake ilivyoagiza. Wiki ya tatu kila nikisikia simu nilifikiri ni yeye. Haikuwa yeye hata mara moja, na huko kunyamaza ndiko kuliniua zaidi.

Siku hizi mambo yamekuwa rahisi, nyinyi mna matone ya kudondosha shingoni na vidonge vya kutafuna kama peremende. Nafurahi kwa ajili yenu, kweli. Lakini someni maandishi ya pakiti, bana: ya mbwa si ya paka, ya mbwa mkubwa si ya mbwa mtoto. Mbwa mtoto mkiona ufizi wake umekuwa mweupe, viroboto wameshamnyonya damu, msingojee kesho. Na hiyo dawa nzuri ya shingoni bila fagio bado ni kuosha hoteli. Ingieni ndani ya nyumba. Kama mwenye nyumba ameweka kiti mlangoni, mwombeni radhi muingie. Mimi niliomba radhi nyumba nyingi baada ya ile ya Kwanza, na sijui hata moja iliyonitia aibu tena. Hilo nalisema kwa kifua mbele.

Mwezi ulipotimia nilitoka Kitale saa saba mchana. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwombea mbwa. Nilipokaribia boma, Baba Wambui alitoka mbio, mikono miwili juu.

"Zima! Zima pikipiki!"

Nikazima. Nikajua tumechelewa. "Ni Sajini?" nikauliza.

Aliweka kidole mdomoni, akanishika mkono wa koti akanipeleka kando ya nyumba. Kwenye mkeka, kivulini, Wambui alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mikono imeachia kila upande. Miguu yake ilikuwa na makovu makavu tu. Sajini alikuwa kando yake bila kamba shingoni, akainua sikio moja kunitazama, akalishusha.

"Amelala tangu saa sita," mzee akaninong'oneza, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Hajajikuna. Nimekaa hapa namwangalia, hajajikuna hata mara moja. Tafadhali Daktari, usimwamshe."

Nilikuwa nimebeba kitana, karatasi, dawa, kila kitu cha ukaguzi. Sikufungua mkoba. Niligeuza pikipiki nikaanza kuisukuma kwenye matope, na Baba Wambui akaja nyuma akasukuma nami hadi tulipofika barabarani na nyumba ikawa mbali ya kutosha kwa mimi kuwasha.